Mguu Unapochelewa Kutii

Kila Jumamosi, katika gulio la Lyulilo lililo jirani na Matema, vyungu vya wanawake wa Kikisi huteremshwa kutoka mitumbwi iliyotoka Ikombe. Na mtu anyanyuapo mguu kuuacha mtumbwi unaoyumba na kuukanyagisha mchanga, mwili wake huisawazisha mizani yake mara nyingi bila ya kuiomba akili idhini. Wepesi huo ndio unaopotea kwa mwenye maradhi ya Parkinson.

Aghalabu watu huyajua maradhi haya kwa mkono unaotetemeka, wala si ajabu, kwani James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817, aliyaita kupooza kwa kutetemeka. Lakini mkono huo, kwa rai yangu, huleta fedheha zaidi kuliko hatari, na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Hatari imo miguuni. Katika ubongo wa kati mna chembe zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini, na zinapokufa, amri ya kuanza mwendo huchelewa na hutoka haba: hatua hufupika, viungo hukakamaa, na mtu akipigwa kumbo sokoni hurudi kinyumenyume kwa vihatua vidogo vidogo, au mguu usitoke hata mmoja, akaanguka kama gogo. Ndiyo maana tabibu humsimamia mgonjwa nyuma, akamvuta mabega kwa ghafula na kuzihesabu hatua zake. Hilo ni jambo lisilofaa kujaribiwa nyumbani.

Mwendo uliokuwa ukijiendea wenyewe sasa huhitaji kufikiriwa, na fikira haitoshi kugawanywa. Mgonjwa akisemezwa huku akitembea, au akiwa na mzigo mikononi, huyumba. Akifika mlangoni au akitaka kugeuka, nyayo huganda chini, na jamaa wasiojua humdhania mkaidi, mlevi au aliyerogwa.

Dawa ya levodopa, iliyoanza kuwafaa wagonjwa katika miaka ya 1960, hulegeza ukakamavu na kuupunguza uzito wa mwendo, ila mizani haiirejeshi kwa kadiri hiyohiyo. Tena kwa baadhi yao samaki na maharage huizuia isifanye kazi upesi, kwa hiyo humezwa kabla ya chakula kwa mashauri ya tabibu. Shida ya kwanza kwetu, hata hivyo, ni kutotambuliwa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa wakazi wapatao 161,000, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la maradhi yao.

Liko jambo la ajabu lisilo na gharama. Mguu usioitika amri ya ndani huweza kuitika ishara ya nje: mpigo wa ngoma, hesabu ya moja-mbili inayotamkwa kwa sauti, au mistari iliyochorwa sakafuni ili ikiukwe. Basi mgonjwa akiganda, asivutwe mkono, kwani kiwiliwili kitatangulia na nyayo zitabaki. Asimame kwanza, auhamishe uzito upande mmoja, kisha ahesabiwe. Akigeuka, azunguke kwa duara pana badala ya kujipinda mahali alipo. Na akishuka mtumbwini, ashuke mikono mitupu, chungu kikishushwa na mwingine.