Wana, Kinga Siyo Soksi Tu

Oya wana, kitaa ukitaja kinga kila mtu anajua unaongelea soksi. Fresh. Soksi inazuia ngoma, inapunguza gono na kaswende, na mimba ya ghafla inaikata. Ila hospitali kuna kinga za vidonge, na hizi masela wengi hawazisomi kabisa.

Ya kwanza ni PrEP. Hii unameza kabla ya mechi: unapima, ukionekana huna VVU unaanza. Vidonge vyake ni kimoja kila siku, na ukikomaa navyo hatari ya kunasa inashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Inamfaa, mathalani, mtu ambaye mwenza wake ana VVU na dawa bado hazijafubaza virusi. Ila usijichanganye, PrEP haizuii gono wala mimba. Soksi ibaki mfukoni.

Ya pili ni PEP, ya dharura. Soksi imepasuka, mtu kabakwa, nesi kajichoma sindano: wote wanawahi hiyo. Mwisho ni saa 72, na ukiwahi zaidi ndiyo mpango. Dozi siku 28, hakuna kuishia njiani eti kichefuchefu kimekuzingua.

Sasa cheki mwana wa Kariakoo. Soksi inampasukia Ijumaa usiku. Jumamosi yuko Mtaa wa Kongo, anafunga mzigo wa Wazambia. Jumapili Simba na Yanga, nani atamtoa kibandaumiza? Jumatatu anashusha kontena. Jumanne anakurupuka, saa 72 zimeshakata. Anakimbilia duka la dawa, anabeba antibaotiki za kuzima soo. Hela imeliwa bure, maana antibaotiki haigusi virusi.

Na Mnazi Mmoja hospitali ipo hapo hapo, mwendo wa miguu tu. Ukifika usizunguke mbuyu. Sema, "Dokta, nimepata ajali, naomba PEP." Watakupima kwanza. Dogo wa miaka 15 naye anaruhusiwa kupima bila kusindikizwa na mzazi, sheria ilibadilishwa 2019.

Unaogopa kukutana na mteja wako kwenye benchi? Panda boda, nenda Amana au Temeke. Hata ukimkuta huko, naye kafuata ya kwake, hana cha kukusimanga.