Wanja wa mtoto: majina mengi, ndani kuna nini?

Katika nyumba nyingi mtoto mchanga hupakwa wanja mapema: kwenye nyusi apendeze, machoni aone vizuri, au pajini kumkinga na kijicho. Muulize muuzaji wanja ni kitu gani. Atakujibu: wanja.

Wazee wa Pwani walisema wanja wa manga, yaani wa Uarabuni. Manga ni hiyo hiyo ya pilipili manga. Waarabu wenyewe wana ithmid, ambalo ni jiwe la antimoni, na kuhl, unga wa kupaka machoni. India na Pakistan ni surma. Warumi waliita stibium, neno walilolipata kwa Wagiriki, nao Wagiriki wakalitoa Misri. Ndiyo maana kwenye kitabu cha kemia cha mwanao antimoni imeandikwa Sb. Kuhl ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote: Wazungu waliichukua kwa maana ya unga laini kabisa, kisha kiini cha kitu kilichosafishwa, mwisho wakaitia kwenye pombe. Alkoholi ni al-kuhl!

Majina hayo yanataja antimoni, lakini jiwe linalosagwa mara nyingi ni jingine, galena. Yote mawili ni ya kijivu na yanang'aa, na yakishasagwa jicho haliwezi kuyatofautisha. Wanja mwingi uliokutwa katika makaburi ya Misri ya kale ni galena, na galena ni madini ya risasi. Usidhani ni ya bunduki tu. Risasi, kwa Kiarabu rasas, lilikuwa jina la madini kwanza.

Mtoto hufikicha macho, halafu hunyonya vidole. Risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo unaokua, mara nyingi bila dalili za mapema, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Maandishi ya "asilia" kwenye kichupa yasikutulize, mzazi. Galena nayo ni ya asili, inachimbwa ardhini. Bibi akisisitiza, mwonyeshe kwa heshima habari hii. Kama mtoto ameshapakwa, acha kuanzia leo, umfute taratibu kwa kitambaa safi chenye maji, na ukienda kliniki mweleze daktari na umuulize kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Nenda na kichupa chenyewe.