Ini na ubongo (2): Si wazimu, si kurogwa

Juma lililopita tuliona jinsi homa ya ini aina ya B, au pombe ya miaka mingi, inavyolijaza ini makovu hata likasinyaa. Leo tupande kichwani.

Chukua muuza duka ambaye daftari lake la madeni lilisomeka vizuri siku zote. Sasa herufi zinapandana. Mchana anasinzia, usiku macho makavu, na chenji ya elfu tano inamshinda. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Hakuna anayelikumbuka ini, ingawa tumbo lake limejaa maji kwa miezi.

Tunapokula, bakteria wa utumbo huzalisha amonia, nayo ni sumu kwa ubongo. Damu itokayo utumboni hupitia kwanza kwenye ini, na ini huigeuza amonia kuwa urea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Hans Krebs na Kurt Henseleit waliieleza kazi hiyo mwaka 1932. Ini lenye makovu hushindwa kazi, tena huizuia damu. Damu nayo hujitafutia vichochoro vya pembeni na kufika kichwani na sumu yake. Huko chembe ziitwazo astrosaiti huipokea amonia na kuigeuza glutamini, ambayo huvuta maji. Zinavimba, na akili inafifia.

Mwambie mgonjwa anyooshe mikono, ainue viganja kama anayesimamisha daladala. Viganja vikianguka na kuinuka, vikianguka na kuinuka, mwahisheni hospitali siku hiyohiyo.

Mara nyingi chanzo ni jambo dogo: kufunga choo, kuharisha, maambukizi. Choo cheusi kama lami ni hatari zaidi, maana damu inavuja ndani. Nawasihi jamaa wasimpe dawa ya usingizi ili apumzike; itamzamisha. Hospitali atapewa laktulozi, dawa tamu ya maji, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku, amonia itoke. Nimeona mtu asiyemtambua mwanawe akimwita kwa jina siku chache baadaye.

Wala msimnyime maharage na samaki, kama ilivyoshauriwa zamani. Misuli nayo huondoa amonia katika damu, na mgonjwa huyu tayari mikono imekonda.

(Itaendelea)