Siku Moja Ziwani: Nani Anamwangalia Mdogo Wako?

Likizo ya Juni ikifika, mvua zimekatika na shule zimefungwa. Hapo ndipo mtu mmoja nyumbani anapotoa wazo: "Jamani, safari hii twendeni ziwani na watoto!" Kila mtu anashangilia. Mama anaanza kupiga hesabu ya nauli, wadogo zako hawalali usiku huo.

Wazo ni zuri. Familia inahitaji siku ya kupumzika na kucheka pamoja. Lakini asubuhi ya safari, kabla hamjapanda gari, mama atakuambia maneno matatu tu: "Mwangalie mdogo wako." Je, unajua maneno hayo yana uzito gani? Tuzungumze.

Maji unayoyajua na maji usiyoyajua

Kama unakaa Lusahunga, kila siku unaona malori ya Rwanda na Burundi yakipita barabarani, lakini ziwa hulioni. Maji uliyoyazoea ni ya dumu, ya kisima na ya bwawa. Ziwa Burigi liko upande wenu, ndiyo, lakini limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Huko unakwenda kutazama wanyama kwa utaratibu wa hifadhi, siyo kuoga. Viboko na mamba ndio wenyeji wa pale.

Kwa hiyo ukitaka mchanga na mawimbi, unapita Biharamulo mjini na kuteremka hadi Chato au Nyamirembe, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Wenye nauli zaidi hufika Bukoba. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 68,000, na mahali penye kina kirefu linafika kama mita 80. Hiyo siyo bwawa la kijiji, rafiki yangu. Aliyekulia mbali na ziwa mara nyingi hajui kuogelea, na mbaya zaidi, hajui kwamba hajui. Anaona watoto wa wavuvi wanapiga mbizi, naye anaruka.

Anayezama hapigi kelele

Wengi tunadhani mtu anayezama atapunga mikono na kuita "Nakufa!" Siyo hivyo. Mtoto anayezama huwa kimya. Mdomo wake unazama na kuibuka, hapati pumzi ya kuita. Unaweza kugeuka kununua muhogo wa kukaanga, ukirudi yote yamekwisha. Ni suala la dakika chache tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu nusu yao walikuwa na umri chini ya miaka 30, na robo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Yaani ni rika lako na la mdogo wako.

Basi mwangalizi afanye nini?

Kwanza, apangwe kwa jina. Watu wazima kumi wakiwa ufukweni, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia, na kumbe hakuna anayeangalia. Semeni wazi: "Saa hii ni zamu ya kaka, saa ijayo ni zamu ya dada." Aliye zamu hachezi simu, hacheki na marafiki, wala hanywi pombe.

Pili, mtoto mdogo awe mbele yako kwa umbali wa kumfikia kwa mkono. Ukinyoosha mkono usimguse, umemwacha mbali mno.

Tatu, msimpe mtoto dumu tupu au mpira wa gari aelee nao mkadhani amepata ulinzi. Upepo ukivuma, unampeleka ndani naye hawezi kurudi.

Na mtumbwi? Kama hakuna jaketi la kujiokolea la kila mtu, pamoja na la mtoto, msipande. Kama umejaa, msipande. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, kimebakiza mita chache tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kuwa karibu na nchi kavu hakukuwasaidia.

Maji meupe, ugonjwa haujionyeshi

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo halionekani kwa macho: kichocho.

Kichocho husababishwa na minyoo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Safari yao ni hii. Mtu mwenye ugonjwa anajisaidia ziwani au karibu na maji. Mayai ya minyoo yanaingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka vinatafuta konokono wa majini, vinaingia ndani yake na kuzaana kwa wiki kadhaa. Kisha vinatoka vingine, vyenye mkia, maelfu kwa maelfu, vikitafuta ngozi ya mtu. Wewe unaoga. Vinapenya ngozi yako ndani ya dakika chache, wala husikii maumivu. Pengine utawashwa kidogo tu.

Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kuingiza miguu kunatosha.

"Lakini maji yalikuwa meupe kabisa!" Hilo husemwa sana. Mwaka 1992 vijana wawili wa kujitolea kutoka Marekani waliogelea Cape Maclear, kwenye Ziwa Malawi, mahali panaposifiwa kwa maji maangavu. Kichocho kiliwafika hadi kwenye mfumo wa fahamu. Maji kuwa meupe siyo cheti cha usalama.

Kuna aina mbili kwetu. Kichocho cha tumbo ndicho hasa cha mwambao wa Ziwa Victoria: tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo, na baada ya miaka ini huharibika na tumbo kujaa. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi, mabwawa na majaruba ya mpunga: unakojoa damu. Kwa hiyo hata usipokwenda ziwani, bwawa la karibu na nyumbani nalo ulitazame vizuri.

Wasichana, hili ni lenu hasa. Mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kukwama kwenye sehemu za siri na kuleta vidonda, maumivu na kutokwa damu. Wengine hudhaniwa wana ugonjwa wa zinaa na kusemwa vibaya, kumbe walichota maji tu. Vidonda hivyo pia huweza kurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Ukiona dalili hizo, usikae na aibu. Nenda kituo cha afya na mwambie mhudumu kwamba uliwahi kuoga bwawani au ziwani.

Maswali matano kabla ya kutandika mkeka

Siyo kila ufukwe uko sawa. Mkifika, msikimbilie majini. Simameni kwanza, muulizane:

1. Kuna matete, mafunjo au magugu? Hapo ndipo konokono wanapoishi, na mamba hujificha. Mchanga mweupe ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, una hatari ndogo zaidi, ingawa siyo sifuri.

2. Ni mwaloni? Mahali ambapo mitumbwi inapakuliwa, vyombo vinaoshwa na watu wanajisaidia vichakani, watoto wasiingie majini kabisa.

3. Wenyeji wanasemaje? Mwamkie mvuvi mzee, "Shikamoo baba," kisha muulize kuhusu mamba, viboko, shimo na mkondo. Yeye anajua mtoto wa mwisho alichukulikia wapi. Akisema hapana, ni hapana.

4. Kuna choo? Kama hakuna, mtafika saa sita na watoto wataanza kukojoa majini. Hapo ninyi wenyewe mmekuwa sehemu ya mzunguko wa kichocho.

5. Kina kinashukaje? Mtu mzima anayejua kuogelea ndiye apime, siyo mtoto.

Wengine hushauri kuoga alfajiri au jioni, kwa sababu vijidudu vya kichocho huwa vingi zaidi jua likiwa kali. Ni kweli vinapungua, ila haviishi. Na saa hizo hizo za mwanga hafifu ndizo viboko na mamba hutembea. Hakuna saa ambayo ni salama kabisa.

Basi tusiende?

Nendeni! Ila jueni kwamba ziwa siyo lazima liogewe. Hapa nitasema ukweli: kwenye fukwe nyingi za ziwa letu, siku nzuri zaidi kwa mtoto ni ile anayorudi nyumbani miguu ikiwa mikavu. Cheza naye mpira mchangani. Mjengee nyumba ya mchanga. Hesabuni ndege, mtazame wavuvi wakivuta nyavu, mle sato wa kuchoma chini ya mti. Kurusha mawe majini tu kunaweza kummaliza asubuhi nzima.

Akilia kwamba anataka kuoga, msiwe wakali. Bebeni dumu la maji ya kutoka nyumbani yaliyochemshwa, au yaliyokaa kwenye chombo safi chenye mfuniko siku mbili. Vijidudu vya kichocho havidumu muda huo bila kumpata mtu. Mmwagie pale mchangani, atafurahi vile vile. Ya kunywa yawe yamechemshwa. Ya ziwani yana vimelea vya kuhara na hata kipindupindu. Na mkisikia radi, hata kama ni mbali, wote mtoke majini na kuondoka ufukweni mara moja, msijifiche chini ya mti.

Akizama, fanya hivi

Usiruke majini kama hukufundishwa kuokoa. Wengi hufa wawili badala ya mmoja. Piga kelele, kisha nyoosha mti, kamba au khanga, au mtupie dumu tupu lililofungwa mfuniko alishike.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu, na mtu mwingine akimbie kuita msaada. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mpaka kifua kiinuke, mara 2. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 haraka haraka, karibu mara mbili kwa sekunde. Mtoto mdogo, tumia mkono mmoja. Rudia pumzi 2 na mikandamizo 30 bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini, usimkandamize tumbo ili "maji yatoke." Unapoteza dakika zake. Hata akizinduka na kuongea, apelekwe hospitali, kwani anaweza kubadilika baadaye.

Mkisharudi nyumbani

Kama mliingia majini, andika tarehe kwenye daftari. Mtu akipata homa, kikohozi au vipele wiki chache baadaye, mwambieni daktari kuhusu ziwa. Hata kama hakuna dalili, nendeni mkapimwe choo na mkojo baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na kipimo chake hufuata uzito wa mtu, wakati mwingine urefu. Usiinywe siku ile ile ya safari ukadhani umemaliza: minyoo wachanga haiwaui vizuri. Na kupona leo hakukukingi kesho. Ukirudi majini, unaambukizwa tena.

Mgawo wa dawa ukija shuleni, meza, ila kula kwanza. Kizunguzungu au kichefuchefu kidogo hupita. Wadogo zako wasioanza shule wanaachwa nyuma mara nyingi, kwa hiyo mkumbushe mama aulize kituoni.

Jipime

Mdogo wako amesimama majini hadi magotini, wewe umekaa mkekani hatua ishirini kutoka kwake. Maji ni meupe, watu ni wengi, hakuna anayepiga kelele. Je, yuko salama?

Kama umejibu "hapana" bila kusita, beba dumu lako na uwatakie wenzako safari njema. Kama umesita, soma tena tangu mwanzo, kisha msomee na mama.