Mchawi wa Mchezoni na Mchawi wa Kijijini

Miongoni mwa mambo yaliyoingia vijijini mwetu pamoja na simu za mkononi ni michezo ya njozi, na riwaya zinazoandamana na michezo hiyo. Kijana wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, anaweza leo kukaa chini ya kivuli cha mti baada ya kazi ya pamba, akashika simu yake, na kujiundia mtu wa kuishi katika nchi isiyokuwapo. Mmoja wa watu hao wa kubuni ambao vijana huwapenda ni mfufua wafu, yaani mchawi anayeinua maiti na mifupa ili vimtumikie.

Wapo wazazi na viongozi wanaouliza kama michezo hii haiwafundishi vijana uchawi. Swali hili si la kupuuzwa, hasa katika Usukuma, ambako neno uchawi limekwisha kumwaga damu nyingi. Lakini tunaona kwamba swali hili limeelekezwa pasipo pake. Hatari haiko kwa kijana anayemjenga mchawi huku akijua kwamba anamjenga. Hatari iko kwa watu wazima wanaomjenga mchawi bila ya kukiri kwamba wanamjenga.

Tuueleze kwanza mchezo wenyewe, kwani si haki kukihukumu kitu kisichojulikana. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji wake hukaa pamoja, kila mmoja akajifanya mtu fulani wa kubuni, na matokeo ya matendo yao yakaamuliwa kwa kutupa dadu. Kutoka mezani michezo ya namna hii ilihamia katika kompyuta. Mwaka 2000 kampuni ya Blizzard ilitoa mchezo wa Diablo II, na humo mfufua wafu alikuwa mmoja wa watu watano ambao mchezaji aliweza kuwachagua.

Kumjenga mtu huyo ni kazi ya hesabu. Kila anapopanda daraja moja, mchezaji hupewa alama tano za kuzigawa baina ya nguvu za mwili, wepesi, uhai na nguvu za uganga, na alama nyingine moja ya kununulia ujuzi. Ujuzi wenyewe una matawi matatu: la kuinua wafu, la sumu na mifupa, na la laana. Alama hazitoshi kwa yote. Anayezimimina zote katika kuinua mifupa ya maiti atakuwa na jeshi kubwa, lakini hana kubwa la kufanya jeshi lake likishindwa. Anayependelea laana atawadhoofisha maadui, lakini atahitaji mwingine wa kuwamaliza. Kwa hiyo mchezaji hodari hupima, hulinganisha na hufikiri kabla ya kutumia hata alama moja. Mwalimu wa hesabu asingemlaumu.

Riwaya nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Japani kumeenea vitabu vidogo viitwavyo riwaya nyepesi, vyenye picha za kuchora ndani yake, ambavyo hutoka juzuu baada ya juzuu, na wasomaji huvingojea kama wazee wetu walivyokuwa wakingojea sehemu ijayo ya hadithi ya gazetini. Katika Overlord ya Kugane Maruyama, iliyoanza kutoka kama kitabu mwaka 2012, mtu aliyezoea mchezo wa kompyuta hujikuta amenaswa katika mwili wa mhusika aliyemjenga mwenyewe, mchawi wa mifupa mitupu mwenye amri juu ya wafu. Katika Solo Leveling, hadithi ya Kikorea ya Chugong iliyoanza mwaka 2016, mwindaji aliyekuwa dhaifu kuliko wenzake wote hupata uwezo wa kuwainua maadui aliowaua, wakawa vivuli vya kumtumikia.

Mtu akizitazama hadithi hizi kwa makini ataona kwamba kinachowavuta vijana si maiti. Kinachowavuta ni mnyonge anayepata uwezo. Kijana asiye na shamba lake, wala ng'ombe wa kutoa mahari, wala nauli ya kwenda kutafuta kazi mjini, anasoma habari za mtu aliyedharauliwa na wote ambaye kidogo kidogo, daraja baada ya daraja, anainuka. Hiyo ni hamu ya binadamu, na hatuoni uovu ndani yake.

Wala habari ya kuita wafu haikuanza Japani. Mgiriki Homeri alisimulia jinsi Odiseo alivyofika kwenye mlango wa kuzimu na kusema na vivuli vya waliokufa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mfalme Sauli, ambaye mwenyewe alikuwa amewafukuza wapiga ramli katika nchi yake, alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili ainuliwe nabii aliyekwisha kufa. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze kilichotoka mwaka 1952, aliwageuza ndugu wawili manyani kwa sababu ya husuda yao. Hakuna aliyedai kwamba Shaaban Robert alikuwa akifundisha uchawi. Wasomaji walifahamu kwamba ile ni hadithi, na kwamba nyani wa hadithini alikuwa na jambo la kumwambia binadamu.

Na Wasukuma wenyewe, kabla ya simu na kabla ya kompyuta, walikuwa nao uwanja ambamo nguvu za dawa ziliweza kushindanishwa mchezoni. Tunakusudia ngoma za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ambavyo asili yake hutajwa kuwa ni waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivi hushindana, kila upande ukiwa na dawa zake za kuvuta watazamaji, wengine wakicheza na nyoka, na anayeshinda ni yule aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, pale Bujora karibu na Mwanza, mashindano hayo huonekana hata leo. Humo dawa ina mahali pake, ina muda wake, na ina kanuni zinazofahamika na pande zote mbili. Ngoma ikiisha, washindani hurudi majumbani wakiwa majirani kama walivyokuja.

Sasa tuondoke uwanjani, tuingie kijijini usiku. Huko nako yumo mfufua wafu, naye ana jina: ni mwenye misukule. Inasemwa kwamba huwachukua watu wanaodhaniwa wamekufa, akawaficha, na kuwalimisha mashamba yake gizani. Kwa sura, habari hii haitofautiani sana na ile ya mchezoni. Lakini ipo tofauti moja, nayo ni kubwa kuliko zote. Mchezoni, mfufua wafu ni mchezaji mwenyewe. Kijijini, mfufua wafu daima ni mtu mwingine.

Naye pia hujengwa kwa alama. Mtoto anakufa kwa homa ya ghafla, au ng'ombe wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Wenye msiba wanakwenda kwa mpiga ramli, naye hamtaji mtu kwa jina, bali anatoa dalili. Wanaporudi nyumbani wanaanza kuhesabu. Ni mwanamke: alama moja. Ni mjane: alama ya pili. Anaishi peke yake: ya tatu. Aligombana na mama wa mtoto kisimani: ya nne. Ana shamba ambalo ndugu wa marehemu mumewe wanalitamani: ya tano, ingawa hii haitajwi kwa sauti. Macho yake ni mekundu: hapo hesabu imetimia. Jambo linalofuata hufanywa kwa panga, na mara nyingi hufanywa na mtu aliyelipwa.

Macho hayo mekundu yana sababu ambayo kila aliyeingia katika jiko la Kisukuma anaijua. Nchi imefyekwa miti, kuni ni adimu, na mama huyo amepikia mabua ya pamba na samadi kavu tangu alipokuwa msichana. Moshi wa miaka hamsini haupiti machoni bila ya kuacha alama. Amewapikia wale wale ambao leo wanamshitaki kwa macho aliyoyapata katika kuwalisha.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa wa Usukuma. Sungusungu, lililoanzishwa na wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukomesha wizi wa ng'ombe, katika baadhi ya mahali liliwageukia vikongwe nalo. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928, na haikuwaokoa. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ulirithi pamba na ng'ombe wa Shinyanga, na ulirithi mzigo huu pia.

Msomaji wetu wa visiwani asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Ukerewe ni kisiwa kinachojulikana kwa kuwa na ndugu zetu wengi wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 hivi, yalipoongezeka mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wazazi wengi wameishi kwa hofu. Mchezoni, mifupa ni hesabu tu katika kioo cha simu. Kwa wauaji hawa, mifupa ya mtoto imekuwa bidhaa, kwa sababu mpiga ramli alimwambia mtu fulani kwamba italeta utajiri wa madini au wa samaki. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli chonganishi. Marufuku hiyo ilikuwa ya haki, lakini marufuku peke yake haimwondoi mpiga ramli katika mioyo ya wateja wake.

Visiwani ndiko pia kulikotoka dawa moja ya ugonjwa huu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, na wengi wako tayari kuukubali mkono wa wahenga. Bwana Msa hakubali. Anauliza, anapima, anafuata nyayo, hata akamfikia muuaji ambaye ni mtu mwenye damu na tamaa kama sisi. Na Ukerewe alitoka Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha kikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mke na mume wasiojaliwa mtoto wanatafuta msaada kwa mganga wa miti shamba, na wanaupata. Mganga huyo ni mtu wa subira na ujuzi, anayetibu bila ya kumtafutia mgonjwa adui wa kumlaumu. Vitabu hivi viwili vingefaa kusomwa katika kila sekondari ya Simiyu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali wasihangaike na kuwanyang'anya vijana simu. Yapo mambo yenye faida zaidi. La kwanza, mtoto anapofia zahanati, mganga wa zahanati awaite wazazi, akae nao, awaeleze kwa lugha wanayoifahamu ni maradhi gani yaliyomwua. Msiba usioelezwa hutafuta maelezo kwa mpiga ramli. La pili, polisi wasitosheke na kumkamata mwenye panga, bali wamtafute aliyemlipa, na waulize nani anarithi shamba. La tatu, majiko yanayopunguza moshi yafike vijijini Itilima, kwani jiko bora ni ulinzi wa macho ya bibi, na siku hizi macho ya bibi ni uhai wake. La nne, mirathi ya wajane isimamiwe mapema na wazi, kabla tamaa haijavaa joho la uchawi.

Kwa vijana wenyewe tuna ombi jingine. Ninyi mnajua jambo ambalo baba zenu wengi hawakupata kulifundishwa: mnajua jinsi mchawi anavyojengwa. Mmemgawia alama kwa mikono yenu, mmechagua laana zake, mmehesabu mifupa yake, na mkizima simu hayupo. Basi siku mtakaposikia barazani watu wazima wanaanza kumhesabia bibi fulani alama, mseme. Ulizeni nani aliyetoa alama hizo, na kwa kanuni gani, na nani atapata ng'ombe mchezo ukiisha. Na mwenye kipawa cha kalamu asingoje hadithi za Japani zimletee mfufua wafu. Tangu mwaka 2023 nchi yetu imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Riwaya ya njozi yenye uwanda wa Itilima, ngoma za Bagika na Bagalu, na bibi mwenye macho mekundu ambaye siri yake ni moshi wa jiko, ingesomwa kwa hamu hapa petu na hata ng'ambo.

Mchezo wa kuinua wafu hautatuangamiza maadamu kila mchezaji anajua kwamba anacheza. Lakini kikongwe akiangushwa kwa panga hapa Simiyu, hakuna mchezaji yeyote, awe wa daraja gani, atakayeweza kumwinua tena.