Levodopa, Kitoweo na Saa: Kwa Wanaoishi na Maradhi ya Parkinson

Tuseme mzee mmoja wa Kaole, aliyezoea kushona nyavu hadi mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, ameandikiwa vidonge vya levodopa na kabidopa. Kila asubuhi huvimeza pamoja na mandazi na mbaazi za nazi. Ifikapo saa nne mwili ungali mgumu, chai inammwagikia, na wanawe wameanza kunong'ona kwamba wameuziwa dawa bandia. Huenda dawa haina kasoro yoyote. Huenda kasoro ni mbaazi.

Maradhi haya, yaliyoelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinapozidi kupungua. Dopamini ndiyo huuwezesha mwili kujongea bila kukwama. Ikimezwa yenyewe haipenyi kuingia ubongoni, hivyo mgonjwa hupewa levodopa, ambayo hugeuka kuwa dopamini ikishafika humo. Kabidopa huizuia isigeuke ingali njiani. Levodopa hufyonzwa katika utumbo mwembamba kwa njia ile ile ipitishayo protini iliyomeng'enywa. Palipo na mbaazi, samaki, pweza au nyama, dawa na chakula hugombea mlango mmoja, na dawa inaweza kuchelewa au kuingia kidogo.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, nasi katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba tumebaki na dawa. Tumboni mwa mgonjwa, hata hivyo, mpaka huo haupo.

Kwa kawaida inafaa kumeza levodopa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa maji ya kutosha. Ikileta kichefuchefu, kipande cha muhogo wa kuchemsha au ndizi huweza kuituliza bila kuleta ushindani mkubwa. Hatusemi mgonjwa aache kitoweo. Wengi wenye maradhi haya hukonda upesi, na kumnyima samaki mzee aliyekonda ni kumwongezea maradhi. Wale ambao nguvu ya dawa huwaishia mapema mchana huweza kushauriwa kuhamishia sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa jioni, lakini hilo liamuliwe pamoja na daktari au mtaalamu wa lishe. Choo kigumu nacho huwasumbua sana. Papai, machungwa, mchicha na maji mengi husaidia.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hupunguza ufyonzwaji wa levodopa, kwa hiyo vitenganishwe nayo kwa saa mbili au zaidi. Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa ya kutapika. Mgonjwa mwenye kichefuchefu akienda dukani bila kutaja maradhi yake anaweza kuuziwa metoklopramidi, ambayo huzuia kazi ya dopamini na kuzidisha kutetemeka na kukakamaa. Mtaje ugonjwa kwanza, kisha ndipo muulize dawa.

Tunapaswa pia kuuzungumzia upupu. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, na katika tiba za jadi za India zimetumika tangu zamani. Ndiyo sababu ya tahadhari yetu: unga wake hauna kipimo kinachojulikana, na ukiongezwa juu ya vidonge, mgonjwa huweza kujinyonganyonga viungo, kuona visivyokuwapo, au kuanguka kwa kushuka kwa shinikizo la damu. Anayeutumia asimfiche daktari.

Dawa hii isikatishwe ghafla kwa sababu yoyote. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na akili kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari tangu Shaabani, wapange kama inawezekana na kwa saa zipi. Aliyeko Bagamoyo, ambaye pengine atalazimika kuifuata dawa Dar es Salaam, asingoje kidonge cha mwisho.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionesha kwamba wengi wa waliokutwa na maradhi haya hawakuwa wametambuliwa hapo kabla. Kwa hiyo anayejongea polepole kuliko zamani na kutetemeka mkono akiwa ametulia asiambiwe tu kwamba ni uzee, au kwamba ametupiwa jini, apelekwe hospitali.

Tukirudi kwa mzee wetu: kwa wiki moja wanawe waandike saa ya dawa, saa ya chakula na saa mwili unapolegea, kisha wampelekee daktari karatasi hiyo. Ikiwa saa zimerekebishwa na dawa bado haifanyi kazi, walete vidonge vikiwa ndani ya pakiti yake, pamoja na risiti ya famasi, katika ofisi yetu iliyo karibu. Pakiti wasiitupe, bila namba ya toleo iliyochapwa juu yake, uchunguzi wetu huwa mgumu mno.