Kasese na Bwera: Jina la mtu linavyoweza kuondolewa katika matokeo ya utafutaji intanetini

Habari za Kasese na Bwera zilizoenea duniani nyingi ni za majonzi: Ebola iliyothibitika kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo mwezi Juni 2019, na shambulio la Juni 16, 2023 katika shule ya sekondari ya Mpondwe, lililoua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Kwa taifa, hiyo ni historia. Kwa mwanafunzi aliyenusurika, au familia iliyofuatiliwa kwa hofu ya Ebola, jina lililoandikwa siku ile linaweza kujitokeza kila mwajiri au mchumba anapolitafuta.

Kanuni mbili zinazochanganywa

Mitambo ya utafutaji hutuma programu zinazopitia tovuti na kuorodhesha kurasa zake. Mwenye tovuti anaweza kuziwekea kanuni. Ya kwanza ni faili liitwalo robots.txt, lililoanza kutumika mwaka 1994, linaloeleza sehemu zisizopaswa kupitiwa. Ya pili ni agizo la noindex, linalowekwa kwenye ukurasa wenyewe ili usiorodheshwe.

Wengi huziweka zote mbili pamoja, na hapo ndipo lengo hupotea. Aliyezuiwa mlangoni hawezi kusoma tangazo lililobandikwa sebuleni: programu iliyokatazwa kuingia haitaliona agizo la noindex, na anwani ya ukurasa inaweza kubaki katika matokeo iwapo tovuti nyingine zimeitaja.

Isitoshe, robots.txt ni ombi, si kufuli. Yeyote anaweza kulisoma, hivyo kuorodhesha humo kurasa za siri ni kuzitangaza.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuiomba kampuni ya utafutaji iondoe viungo vinavyotokea jina lake linapotafutwa. Ukurasa wenyewe hubaki.

Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kuomba taarifa zake zisizo sahihi, zilizopitwa na wakati au zilizopatikana kinyume cha sheria zirekebishwe au zifutwe. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi.

Kuficha jina, si tukio

Hata hivyo, kanuni hizohizo zinaweza kufunika yanayopaswa kujulikana. Novemba 2016, zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese katika makabiliano yaliyofikia kilele kwa vikosi vya usalama kuivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu. Familia zinazodai haki zinahitaji kumbukumbu hizo zipatikane.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwomba mwenye tovuti afute jina au picha ya mtoto huku habari ikibaki, kisha mtambo wa utafutaji uombwe kuupitia upya ukurasa huo.